Upande Wangu wa Kanga ya Mama

Diani, Jumatatu. Huu ni mwaka wa arobaini na moja tangu niihame Pemba.

Mdogo wangu Asha,

Nakusalimu sana kutoka huku, mvua ikinyesha tangu alfajiri. Nimetoka Msambweni kuja kujifunza kushona mifarishi ya kutundika ukutani, picha nzima kwa viraka. Darasani mwanamume ni mimi tu.

Jana nilitoa upande wangu wa kanga ya mama, ule ulioniambia niurudishe mwenyewe tuukutanishe na wako. Nilitaka uwe paa la nyumba yetu ya Pemba kwenye picha yangu. Nilipochukua makasi, mwalimu wetu, Mwanamisi, akanidaka mkono.

"Babu, wewe! Kwani wakata muwa? Nguo kuukuu huvutika hiyo!"

Akanionyesha kuitia wanga, kuipiga pasi, kisha kuikata kwa kisu cha gurudumu kando ya rula. Nimekuwa fundi cherehani maisha yangu yote, na hilo sikulijua. Nikasita.

"Waogopa nini, babu?"

"Hii sina ya pili."

"Basi iache."

Nikaikata. Kisu hakikutoa hata sauti. Wenzangu wakanipigia makofi, wakaenda kunywa chai. Nikabaki mezani na vipande, sina wa kumweleza lile paa lilikuwa la nani.

Upande wako uvae, Asha, usiuweke tena sandukuni kuningojea. Mungu akupe afya, wewe na wanao. Mimi sitarudi.

Kaka yako,
Hamadi