Kikande wa Alfonce

Rusumo, Ngara
3 Agosti 1994

Mwanangu Adventina,

Hujambo? Na huyo unayemwita mumeo hajambo? Sisi wazima, ila harufu inatumaliza.

Kifurushi chake kimefika. Mwanangu, samaki mkavu gani yule? Ngozi kama ya kiatu, pembe mgongoni, na meno ya mtu! Tangu Aprili mto unashusha maiti za waliouawa ng'ambo. Huku samaki haliwi, hata dagaa wa Mwanza wanaozea sokoni. Sasa yeye ananitumia aliyekula watu mpaka akaota meno yao? Mukeshimana, mkimbizi tunayeishi naye, alimwona akatoka nje amejiziba mdomo. Nimemtundika nyuma ya jiko, mbwa mwenyewe hamsogelei. Mwanamume anayevua vitu hivyo nisimwone kwangu. Kinyaa kitupu!

Mama yako

Mtwara
30 Agosti 1994

Mama, shikamoo. Poleni na harufu, na Mukeshimana mpe pole yangu.

Yule ni wa baharini, mama. Maji ya mto wenu hayafiki huku. Anaitwa kikande. Wako wa aina nyingi, Alfonce alikuchagulia wa mistari ya rangi ya chungwa, ila chumvi imeifuta. Meno yale ni ya kuvunjia kaa na kung'ofoa matumbawe, hayo mawe ya baharini. Mloweke, umkague mwenyewe. Mwiba mkubwa wa mgongoni ukisimama hausukumiki, lakini ukibonyeza mdogo ulio nyuma yake, mkubwa unalala wenyewe. Papasa na shina la mkia, utakuta miiba iliyopinda kuelekea mbele.

Desemba tunataka kuja kujitambulisha. Alfonce hana ng'ombe, zawadi yake ndiyo hiyo. Kila siku ananiuliza kama mama amekula. Ukimkataa samaki wake umemkataa yeye, na mimi nitabaki huku huku.

Mwanao Adventina

Mtwara
10 Oktoba 1994

Mama, shikamoo. Hujambo? Hujanijibu. Alfonce ameacha kuuliza.

Mwanao

Rusumo
2 Novemba 1994

Mwanangu, hujambo? Mimi mzima, ila tumbo.

Nilimloweka. Nikabonyeza mwiba mdogo, mkubwa ukalala kweli. Miiba ya mkia nayo ipo. Ni kikande, nimekubali, na hajala mtu. Lakini koo langu halisikii maelezo. Nikamchuna kwa panga, nikampika kwa mawese. Tonge la kwanza nikafumba macho, nikameza. La pili nikameza. Kisha nikakimbilia migombani, nikatapika mpaka nyongo.

Mwambie Alfonce mama amekula. Hayo ya migombani yabaki yetu sisi wawili.

Mama yako