Tumbo la Kuacha Sigara

Jumanne, 4 Machi
Nimefungua saluni mapema. Zipu ya sketi nyeusi imekataa tena. Nimeishika na pini, nikafunika na aproni. Tangu niache sigara mwezi wa kwanza, mdomo hautulii. Karanga, chapati, mkate. Leo maandazi kabla ya mteja wa kwanza, na sikuwa na njaa hata kidogo. Mkono umezoea kushika kitu. Nimejikasirikia.

Alhamisi, 6 Machi
Kliniki, Thika mjini. Nesi amenipima. Kumbe wengi huongeza uzito wakiacha, na nisirudie sigara kwa sababu hiyo. Nitembee. Nitafune karoti. Karoti! Yeye mwenyewe ni mwembamba kama njiti ya kiberiti.
Kikohozi kimepungua, hilo siwezi kukataa. Ngazi napanda bila kusimama. Lakini nikitoka huko niliona mwanamke mnene kwenye kioo cha duka, nikamhurumia. Halafu nikajua ni mimi.

Jumamosi, 8 Machi
Siku mbaya. Saluni imejaa, nasuka Mama Shiro, mteja wangu wa miaka mingi. Akageuka, akaniwekea mkono tumboni mbele ya wote. "Hongera! Si Mungu amejibu!" Wengine wakapiga vigelegele. Nikasema hakuna kitu. Wakacheka, eti mimba ya kwanza lazima ifichwe.
Daktari ndiye alisema tukitaka mtoto, nianze kwa kuacha sigara. Nimeacha. Tumbo limekuja, mtoto hajaja.
Nilimaliza kichwa chake nikivuta nywele kwa nguvu. Hakulalamika. Ati mimba huleta hasira.

Jumapili, 9 Machi
Karanja anasema mke wake amependeza hivi alivyo. Sikuwa nimemuuliza. Nimemfokea, sijui hata kwa nini. Wakati wa chakula nikasema sili. Alipotoka nikamaliza viazi kwa sufuria, nimesimama kama mwizi.
Kanisani sikuenda. Ningeenda na nguo gani?

Jumatano, 12 Machi
Umbea wa mtaa wetu wa Landless umefika mpaka kijijini Murera. Mama yake Karanja ametokea saluni na kiondo: njahi, ndizi za kupika, maziwa. Njahi! Chakula cha mwanamke aliyejifungua. Alikuwa anatabasamu na uso wote.
Nikamwambia, "Mama, sina mimba. Niliacha sigara, ndiyo nikanona."
Tabasamu likafifia polepole. Sikungoja aseme neno. Nikamwacha hapo na kiondo chake, nikaenda kwa kioski, nikanunua sigara moja. Nikaiwasha nyuma ya saluni. Nikavuta mara moja tu. Kichwa kikazunguka, mdomo ukajaa majivu. Hata haikuwa tamu. Nikaikanyaga, nikalia mpaka pua ikaziba.
Nikarudi nikijua nitagombezwa. Miaka yote amenisema juu ya moshi. Nikamkuta kwa kiti cha wateja, kopo la ugoro mkononi, anajifuta pua. Alininusa, akajua.
"Umemaliza yote?"
"Hapana. Nimeitupa."
Akaangalia kopo. Kisha akasema, "Mimi nimejaribu kuacha hii tangu Karanja akiwa mtoto wa shule. Kila nikiacha, nanona, watu wanasema, narudia. Wewe wamesema, na umeitupa. Hapo mimi sijawahi kufika."
Nikamwosha nywele. Alilala na kichwa kwenye sinki kama mtu aliyechoka kwa miaka.

Jumamosi, 15 Machi
Simu kutoka Murera, nikifagia. Mama. Hajagusa ugoro tangu jana. Kichwa kinamgonga, na amemaliza viazi vitamu vyote alivyokuwa ameweka vya wageni.
"Sasa nifanye nini?"
Nikamwambia anywe maji, atembee mpaka barabarani na arudi.
"Usikate simu," akasema.
Sikukata. Nikamsikia akifungua lango, akihema, akisalimia jirani. Jirani akamuuliza anaenda wapi. Akasema hakuna mahali.
Nikaweka ufagio chini. Nikarudisha mlango wa saluni, nikatembea pia, simu sikioni.