Asilimia Mia Sita

Trudi, mama amerudi kutoka duka la dawa mikono mitupu. Hakupata insulini!

Unamkumbuka yule mbunge aliyetoka Washington Jumamosi, tulipokula chapati za maji kwenye hafla ya kituo cha zimamoto? Alisema, "Bei ya dawa tumeishusha kwa asilimia mia sita!" Mia sita, Trudi. Mama alipiga makofi mpaka viganja vikawa vyekundu.

Jioni akampa jirani yetu Opal, naye ana kisukari, vichupa vyake viwili vya akiba. "Chukua, mwenzangu. Sasa ni bei ya chee."

Leo bei ni ileile, haimudu. Mama akamwambia mfamasia, "Lakini mbunge kasema mia sita!"

Yule dada akamjibu taratibu, "Bi Lorene, ikishuka mia tu, ni bure. Ikishuka mia sita, mimi ndiye ningekulipa wewe."

Foleni nzima ikacheka. Mama naye akacheka. Alicheka, Trudi.

Nimemsihi amwombe Opal kimoja tu. Hataki. "Nikampokonye mgonjwa mwenzangu?"

Sasa yuko jikoni, anajidunga nusu ya kipimo kutoka kichupa kimoja alichobakiwa nacho. Anasema itamtosha.

Baba naye alikuwa akisema itamtosha, mpaka tukamzika.