Wosia wa Ziwani

Shoga, nimekwisha. Nimekwisha kabisa!

Si unajua nilivyotamba kwamba lile ziwa la juu mlimani nitalifikia? Nimefika, nikaanza kusikia kizunguzungu, nikajua ndiyo basi tena. Nikajirekodi nikilia, nikaiaga familia kwenye grupu. Nikasema, "Mama mkwe, nimekusamehe yote."

Yote, shoga! Nilisema yote!

Kule mtandao hakuna, sauti haikwenda. Kiongozi wetu akanipa maji na biskuti, nikapona palepale. Kumbe njaa! Ile sauti nikaisahau, nikapiga na picha nimebinua mdomo.

Sasa tumeshuka, mtandao umerudi, sauti imejituma yenyewe.

Mama mkwe kajibu: "Pole mwanangu. Niko hapa kwako, nakungoja unitajie hayo yote, moja moja."

Shoga, narudi ziwani.