Kondoo Kwenye Uwanja wa Gofu wa Nordal

Nordal, Minnesota
9 Aprili 1944

Kaka Selmer,

Hujambo huko Italia? Miguu yako na matope yale inaendeleaje? Sisi wazima, Mama anasema ule vizuri.

Habari ya huku inauma. Wachezaji mko vitani, petroli ya kukatia nyasi hakuna, na kamati ya klabu inataka uwanja wote ulimwe mahindi. Uwanja alioutengeneza Baba na wenzake kwa majembe ya kukokotwa na farasi! Nimemwendea mwenyekiti, Bwana Haugen, nikamwomba atuachie sisi wanawake tuutunze. Akacheka. "Binti, ninyi si wanachama. Huku mnakuja kupika tu."

Nifanyeje?

Mdogo wako,
Thora

Italia
20 Mei 1944

Mdogo wangu Thora,

Salamu tele. Miguu ingali miwili. Mwambie Haugen mimi ni mwanachama, na nasema mpewe. Nyasi? Si Mjomba Peder ana kondoo? Au nao wameitwa jeshini?

Kaka yako,
Selmer

Nordal
9 Septemba 1945

Kaka Selmer,

U hali gani? Vita vimekwisha, lakini tangu tusikie umelazwa, Mama halali. Tuandikie hata mstari mmoja.

Sasa sikia. Haugen alilikubali neno lako, na kondoo wa Mjomba wametutunzia uwanja misimu miwili. Wanaume wamerudi, wakaukuta kijani kuliko walivyouacha. Jana mkutanoni Haugen akasema, "Asanteni, kina mama. Leteni funguo za klabu."

Nikasimama. "Funguo hukaa kwa wanachama. Tupeni uanachama kamili, wenye kura."

Mmoja akadakia, "Na kondoo nao wapige kura?"

"Wamefanya kazi kukushinda wewe!" Mama akamjibu.

Ukumbi mzima kicheko. Ikapigwa kura. Tumeshinda, Selmer! Hata Haugen aliinua mkono, wa mwisho kabisa. Na makamu mwenyekiti ni mimi!

Mdogo wako,
Thora

Hospitali ya jeshi
2 Desemba 1945

Mheshimiwa Makamu, mdogo wangu,

Hamjambo nyote? Mkono wa kushoto waliukata. Sikujua nimwambieje Mama, ndiyo maana nikanyamaza.

Barua yako nimeisomea wodi nzima. Wameshangilia hadi muuguzi akaja mbio. Jirani yangu kitandani, naye ana mkono mmoja, ananifundisha kupiga mpira wa gofu uani. Jana mpira wangu umeruka ukuta!

Narudi kabla theluji haijayeyuka. Niandikishe mashindano ya kwanza, nipangwe kushindana na wewe. Na usinionee huruma, maana mimi sitakuhurumia.

Kaka yako,
Selmer