Tawi la Njia Panda

Kaka Bogomil,

Sisi wazima, ila ng'ombe kaanza tena kukataa kukamuliwa. Umeniuliza wazee wa hapa bado wanalitumiaje neno gost. Ni mgeni tu, kaka. Wewe ndiye unayesema Wajerumani nao humwita Gast, na kwamba kwa Warumi wa kale, kutoka shina hilohilo, hostis akaishia kuwa adui.

Leo baba katundika tawi bichi njia panda, kama kila mwaka tukifungua ua wetu kuuza divai. Yeyote anayelifuata ni mgeni wetu. Akaingia Ruggero, yuleyule aliyewaleta askari waliomchukua mama wakati wa vita.

Baba akamkatia nyama kwa kisu chake.

"Mzee, umenisahau?"

"Tawi likiwa juu, wewe mgeni. Kunywa."

Anainywa ile divai kama dawa, tone kwa tone. Baba katoka sasa hivi na kisu kilekile. Nakuandikia jikoni.

Njoo, kaka, vitabu viache hukohuko. Namwona baba dirishani, anarudi. Tawi analo mkononi.

Dada yako,
Zorka