Familia ya Fimbo Kumi na Nne

Jumanne, 3 Juni

Tumefika. Chumba kimoja, vitanda viwili, pazia katikati. Mdogo wangu upande wa dirisha, mimi upande wa mlango kama askari. Mwenye nyumba akauliza kama sisi ni mke na mume. Nikamwambia, mama, huyu ni dada yangu, tumbo moja, na wiki hii anakuja kuwachapa wanaume mia moja na ishirini kwenye gofu. Akacheka hadi akashika mlango. Cheka tu, mama. Jumapili utaomba picha!

Ukweli nauandika hapa tu: naogopa.

Leo tumezunguka uwanja kwa mazoezi. Wanaume wanaanzia nyuma — nyuma kweli! Alama za kuanzia za wanawake unazipita, unatembea hatua arobaini, hamsini, unadhani unarudi nyumbani, ndipo unazikuta zao. Na wiki hii naye anaanzia hukohuko. Shimo la tisa mdogo wangu kapiga mara mbili kwa nguvu zake zote, mpira bado haujafika kwenye grini, zile nyasi fupi zenye shimo. Wanaume wanafika kwa mikwaju miwili huku wanatafuna jojo. Akainama akafunga kamba za viatu ambazo zilikuwa zimefungwa.

Na mimi mdomo wangu, unaojulikana viwanja vyote! Miaka kumi na tisa nabeba mifuko ya fimbo. Nimewabebea mabalozi, mawaziri, na tajiri mmoja mwenye meno ya dhahabu aliyenililia begani. Shule niliacha darasa la sita lakini najua kuuliza upepo unatoka wapi kwa lugha tano. Leo sikupata hata utani mmoja wa kumpa.

Jumatano, 4 Juni

Mwenyekiti wa kamati ya mashindano kasema mbele ya watu wa magazeti, kwa sauti ya kusomea hotuba. Mwanamke mmoja amealikwa, kwa majaribio. Ijumaa nusu ya wachezaji wanachujwa. Akipita mchujo, atapewa ruhusa ya kucheza na wanaume msimu mzima. Asipopita, kamati haitaalika mwanamke mwingine. Yaani mgongo mmoja umebebeshwa wanawake wote!

Na wataenda wapi? Mashindano yao yalikufa mwaka juzi, wadhamini wakayeyuka. Mdogo wangu, bingwa mara tatu, siku hizi anafundisha matajiri kushika fimbo. Wengine wanaishika kama mwiko. Ana miaka thelathini na nne. Mwaliko mwingine hauji.

Kapangwa siku mbili za kwanza, Alhamisi na Ijumaa, na Profesa. Huyo tunamwita hivyo kwa miwani yake na maneno marefu. Profesa kawaambia wanahabari kwamba gofu si mahali pa kuoneana huruma, kila mtu abaki kwenye alama zake za kuanzia. Kedi wake, yaani mbeba mfuko wake, ni Twiga. Urefu wote huo na akili imekataa kupanda. Ananiita shemeji. Nikamwambia ukoo wetu hauozeshi watu wasioona miguu yao. Makedi wote hoi! Nilicheka nao.

Jioni nilikwenda kwa fundi wa fimbo, kibanda chake kiko nyuma ya maegesho ya magari. Nikamlilia kuhusu shimo la tisa. Kaniazima fimbo ya mbao, mpya, shingo ndefu, kichwa kama ngumi. Kasema tuijaribu, ikikataa nimrudishie. Fundi ana roho kama yangu, kasoro maneno.

Alhamisi, 5 Juni

Mikwaju sabini na nne.

Si mbaya. Si nzuri. Kwenye ubao wamekaa wanaume sabini juu yake.

Asubuhi alitapika nyuma ya choo cha makedi. Nikamwitia familia, akatulia. Hii ni kazi yetu sisi wawili tangu ana miaka kumi na sita. Sheria inataka fimbo kumi na nne mfukoni, isizidi hata moja. Makedi wengine wanahesabu kimya kama wanaficha kitu. Mimi naita kwa sauti. Baba Mkubwa! — ile ya kupigia mbali. Anajibu, "Yupo!" Mashemeji wawili, zile za mbao! "Wapo!" Mjomba! "Yupo, kalewa!" Watoto wa shule sita, namba nne mpaka tisa! Mashangazi watatu, wale wa kunyanyua mpira mchangani! Na mwisho Bibi, fimbo ya kusukumia, maana ndiye mwenye neno la mwisho. Ikifika kwa Bibi anakuwa anacheka. Dawa ya tumbo, haiuzwi duka lolote.

Shimo la tisa lilimla mikwaju sita. Profesa akasimama pembeni anafuta miwani, kwa upole kama daktari aliyeshakata tamaa.

Mama kapiga simu. Nikamwambia mambo safi, binti yako moto! Nilipokata nikapiga hesabu za mchujo. Kesho lazima apige sabini na mbili au chini ya hapo. Katika uwanja huu, kutoka kule nyuma. Mungu wangu.

Ijumaa, 6 Juni, alasiri

SABINI NA MOJA!!

Jumla mia na arobaini na tano. Mchujo umekatwa kwenye mia na arobaini na sita. KAPITA! Kwa mkwaju mmoja, lakini kapita! Mwenyekiti kampa mkono na sura ya mtu aliyemeza nzi.

Na asubuhi ilianza vibaya. Tulijaribu ile fimbo ya fundi kwenye uwanja wa mazoezi. Haikumpenda, inavuta kushoto kama baiskeli mbovu. Kasema, "Kaka, rudisha kwa fundi." Mara Twiga akaropoka kwa sauti kwamba leo shemeji zake wanafungasha. Ningenyamaza mimi? Nilimfuata, nikamnyoosha mbele ya watu dakika kumi nzima, mpaka refa akatuita kuanza. Hata familia sikuiita! Mdogo wangu kanikejeli baadaye: "Nimekua, kaka. Leo nimecheza bila dawa."

Jambo la Profesa lazima niliandike. Shimo la kumi na saba, majani marefu. Akaweka fimbo nyuma ya mpira, kisha akarudi nyuma akainua mkono. Kasema mpira umesogea. Nani kauona? Hakuna! Hata Twiga mwenye macho ya juu hakuuona. Kajiongezea mkwaju mmoja mwenyewe. Kamaliza na mia na arobaini na saba. Mkwaju huohuo ndio umemchuja!

Nikamnong'oneza mdogo wangu, huyu msomi ni mjinga. Akanitazama. Akavua kofia, akamwendea Profesa, akampa mkono. Kasema, "Hata mimi ningefanya hivyohivyo."

Nimewapigia wachezaji wenzake wa zamani, wale mabinti waliobaki bila mashindano. Nimewaambia kodini gari, njooni kesho muone historia! Wanakuja kumi na mmoja. Mmoja alilia kwenye simu.

Ijumaa, saa kumi na moja jioni

Nilikuwa nasafisha fimbo. Ndoo, brashi, kitambaa, natoa moja moja nazilaza kwenye majani.

Kumi na tano.

Nimehesabu mara nne. Nimezilaza upya. Kumi na tano.

Ile ya fundi. Ilikuwa katikati ya mashemeji, imevaa kofia ya kitambaa kama wao. Niliirudisha mfukoni kwa mkono wangu ili nimnyooshe Twiga. Imetembea mashimo kumi na nane mgongoni mwangu. Mimi! Mwenye familia! Mgeni kakaa mezani sikumwona.

Sheria naijua kama jina la mama. Mikwaju miwili ya adhabu kwa shimo la kwanza, miwili kwa la pili, inaishia minne. Hata kama fimbo haikuguswa. Mia na arobaini na tano jumlisha nne. Hesabu ya darasa la sita inatosha.

Kachujwa.

Hajui. Refa hajui. Kadi imeshasainiwa. Na kwa ninavyojua, mchezaji asiyejua hana hatia ya kuficha, ila akijua akanyamaza wanamfuta na jina linanuka. Kwa hiyo nikimwambia, nimemuua. Namjua, hatamaliza hata kuvaa viatu, atakuwa mlangoni kwa refa. Nisipomwambia hana kosa lolote. Kosa langu mwenyewe. Nalibeba. Kazi yangu si ni kubeba?

Naona maneno haya yanavyopendeza. Ni maneno ya mwizi.

Nimeiweka chini ya godoro langu. Yeye yuko ng'ambo ya pazia anaimba. Anaimba! Kauliza mbona kimya, kaka, umeishiwa? Nikasema koo.

Jumamosi, 7 Juni

Sijalala. Nililalia fimbo, ilinichoma mbavu mpaka asubuhi.

Kulipopambazuka nikatoka nayo nimeifunga kwenye koti. Mpango rahisi. Nimpe fundi, basi, imekwisha, hakuna aliyezaliwa wala aliyekufa. Fundi alikuwa anafungua kibanda. Kanyoosha mkono, "Vipi, ilimsaidia?" Ilibaki kuiachia tu. Vidole vikakataa. Nikamwambia bado anaifikiria. Nikageuka nikaondoka nayo.

Mabinti wamefika. Kumi na mmoja, gari moja, wamekaa kama vitabu. Wamechora kitambaa kikubwa jina lake, rangi imewachafua mikono. Wananikumbatia mmoja mmoja. Mmoja kasema kaka, wewe ndiye uliyemfikisha hapa. Nikacheka nao. Mdomo huu unaweza kucheka wenyewe bila mimi.

Sasa niko kwenye benchi la makedi, nyuma ya uwanja wa mazoezi. Zimebaki dakika ishirini na tano aanze. Twiga yuko hapa pembeni, Profesa wake kashaondoka na basi la asubuhi. Kanipa chai bila kuniita shemeji. Kasema mdogo wako mwanaume kweli. Nikamwambia si mwanaume, ni bora. Halafu nikaiweka chai chini.

Najiuliza Profesa alifikiria nini pale majanini. Sekunde ngapi? Mimi nimeshatumia usiku mzima na bado.

Mdogo wangu kaniita kutoka grini ya mazoezi. "Kaka, tumbo! Leo niitie familia!"

Naweza kuita kumi na nne. Mfukoni zimo kumi na nne, safi, zinang'aa. Ataitikia zote. Atacheka ikifika kwa Bibi.

Kaniita tena. Sijainuka. Nimefungua koti, kwa nini nimefungua koti? Fimbo ya fundi iko juu ya magoti, nimeivua kofia yake.

Anakuja mwenyewe. Anacheka, kashika tumbo, mabinti wanampungia kitambaa.

Kaiona. Kasimama.

Midomo yake inahesabu.